Kurunzi ya Jiwe Moja: Ubora Wake na Adabu Yake



Miongoni mwa vyombo vya nyumbani ni vichache vitafutwavyo kwa haraka kama kurunzi, au tochi kama waitavyo wengine. Umeme ukikatika usiku, mtoto akiugua na mama akataka kusoma kipimo cha dawa, nyoka akionekana karibu na mlango wa jiko, au watu wa nyumba watakapo kwenda msikitini kungali giza, kila mmoja huuliza, "Kurunzi i wapi?" Na ikiisha kupatikana, swali la pili hufuata: "Mawe yake yangali mazima?"

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya mageuzi yaliyoingia majumbani kimya kimya. Kurunzi nyingi za nguvu za siku hizi zimeacha mawe mawili au matatu ya zamani, na badala yake hutiwa jiwe moja tu, la unene wa kidole gumba hivi, nalo hutoa nuru iliyozidi ile ya kale mara mia au zaidi. Wako wanaoshangaa, wako wanaotilia shaka, na wako wanaonunua bila kuuliza neno. Kauli yetu twaitanguliza mapema: kwa matumizi ya nyumba, jiwe moja kubwa ni bora kuliko mawe kadhaa madogo yaliyopangwa mstari. Lakini ubora huo haupatikani ila kwa mtu ajuaye anunuacho, na akishikaye kwa tahadhari, kwani nguvu iliyofungwa humo si ya mchezo.

Asili yake

Kurunzi ya mkononi si chombo kipya. Tarehe 10 Januari, 1899, David Misell, Mwingereza aliyekuwa akikaa New York, alipewa nchini Marekani hati ya kulinda uvumbuzi wake wa bomba lililotiwa mawe yaliyofuatana, na balbu mbele yake. Umbo hilo ndilo tulilolirithi sote. Mawe ya namna ile hutoa volti moja na nusu kila moja. Mawili hutoa volti tatu, na balbu ya waya iliyowashwa kwayo hutoa nuru ya lumeni kumi au ishirini hivi. Lumeni ni kipimo cha wingi wa nuru itokayo katika taa.

Mambo yaligeuka mwaka 1991, pale kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza mawe ya ioni za lithiamu, ambayo huweza kuchajiwa na kutumiwa tena mamia ya mara. Wataalamu watatu walioweka msingi wa elimu hiyo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Jiwe moja la lithiamu la aina itumiwayo katika kurunzi hutoa volti 3.6 kwa wastani, na likijaa hufika volti 4.2. Basi jiwe moja tu lashinda volti za mawe mawili ya kale. Zilipokuja taa za LED, ambazo hutoa nuru nyingi kwa umeme kidogo, viwili hivi vilikutana, ndipo ikazaliwa kurunzi tuionayo leo.

Maana ya tarakimu

Mnunuzi akiingia dukani atakuta mawe yameandikwa tarakimu tano, naye aweza kudhani kuwa ni siri ya kiwanda. Hapana siri yoyote. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa jiwe kwa milimita, mbili zifuatazo ni urefu wake, na sifuri ya mwisho yaonyesha kwamba umbo lake ni la mviringo kama bomba. Basi 18650 ni jiwe lenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Jiwe la 21700 lina upana wa milimita 21 na urefu wa 70. Na 26650 lina upana wa 26 na urefu wa 65.

Tofauti ya milimita tatu yaonekana ndogo machoni, lakini hesabu yasema mengine. Ujazo wa 18650 ni sentimita za ujazo 16 na nusu hivi, hali ule wa 21700 ni 24 na zaidi kidogo. Yaani jiwe hili la pili ni kubwa kwa karibu nusu nzima ya lile la kwanza, ingawa kiganjani mtu hahisi tofauti kubwa. Na akiba ya umeme huenda pamoja na ujazo. Jiwe jema la 18650 hubeba miliampea-saa 3500 hivi, na machache yamezidi hapo kidogo. Jiwe jema la 21700 hubeba 5000 kwa kawaida, na machache ya miaka ya karibuni yamekaribia 6000.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa ukubwa ndio ubora, kwa nini 26650, ambalo ujazo wake ni maradufu ya 18650, lisishinde yote? Jibu ni kwamba jiwe hilo, kwa unene wake wote, aghalabu hubeba miliampea-saa 5000 hadi 5500 tu, karibu sawa na 21700 lililo jembamba kuliko yeye. Sababu yake haitokani na kurunzi, bali na magari. Kampuni ya Tesla, ambayo gari lake la kwanza la mwaka 2008 liliendeshwa kwa mawe ya 18650 yapatayo 6,831, ilichagua umbo la 21700 kwa ajili ya gari lake la Model 3, na mawe hayo yakaanza kutengenezwa kwa wingi huko Nevada, Marekani, mwaka 1017 ukiongezewa elfu moja, yaani 2017. Viwanda vikubwa vikaelekeza fedha na elimu zao huko, nasi wenye kurunzi tukapata faida ya jasho la wenye magari. Funzo lake ni hili: usinunue unene peke yake, tazama kilichomo ndani.

Kwa nini moja, si mengi?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mawe yakipangwa mstari, ncha ya hili ikigusa kitako cha lile, volti zake hujumlishwa, lakini mkondo wa umeme ni ule ule mmoja upitao katika yote. Sasa, mawe mawili hayawi sawa kabisa hata yakitoka kiwanda kimoja siku moja. Moja litakuwa limechakaa zaidi, au halikujaa sawasawa. Hilo ndilo litakalokwisha kwanza, na lenzake lililobaki na nguvu litaendelea kusukuma mkondo ndani yake kwa nguvu hata liingiwe na umeme kinyume cha maumbile yake.

Katika mawe ya kale, balaa hilo lilikuwa dogo. Jiwe lilivuja, majimaji yake yakala springi na bati, na kurunzi ikatupwa. Katika mawe ya lithiamu mambo ni mengine. Jiwe lililogeuziwa umeme laweza kupata joto, kutoa gesi, na kupasuka. Na kurunzi ya nguvu ni bomba la madini lililozibwa kwa mipira ili maji yasiingie. Gesi isipopata pa kutokea, bomba lenyewe huwa hatari mkononi mwa aliyelishika.

Jiwe likiwa moja, hapana lenzake la kulionea. Halichanganywi jipya na kuukuu, halisahauliki moja bila kuchajiwa, wala mtoto hawezi kuyapanga mawili kwa ncha zisizopatana. Hiyo ndiyo salama kubwa ya kurunzi ya jiwe moja, nayo ina thamani kuliko wingi wa nuru. Na jiwe hilo likiwa kubwa, hupatikana pia akiba ya kutosha, isilazimu kuongeza la pili.

Hatukatai kwamba zipo kurunzi kubwa mno, za waokoaji na walinzi wa mahali pakubwa, zinazotumia mawe matatu au manne. Wenye kazi hizo hununua mawe yaliyo jozi, huyachaji pamoja na kuyastaafisha pamoja. Nyumba yenye watoto watano na droo moja ya vikorokoro haina nidhamu hiyo, wala hapana haja ya kuidai kwake.

Nuru, mkondo na joto

Tufanye hesabu moja nyepesi. Jiwe la miliampea-saa 5000, likizidishwa kwa volti 3.6, hutoa akiba ya wati-saa 18. Kurunzi ikiwashwa kwa nuru ndogo ya lumeni mia moja hivi, hutumia wati moja, au pungufu au zaidi kidogo kwa kadiri ya utengenezaji wake. Kwa kiasi hicho jiwe moja laweza kumulika saa kumi na tano na zaidi, yaani usiku mzima wa kukatika umeme na sehemu ya usiku wa pili pia. Lakini ukiitaka itoe lumeni 3000 kama ilivyotangazwa kwenye sanduku, itadai wati 30 hivi, na akiba ile ile itakwisha kwa dakika 36 za hesabu.

Nasema dakika za hesabu, kwa sababu kwa kweli nuru hiyo haitadumu hata hivyo. Sehemu kubwa ya wati hizo 30 hugeuka joto, nalo halina pa kwenda ila kwenye mwili wa kurunzi na mkono wa mwenye kuishika. Kurunzi iliyotengenezwa vyema hujipunguza yenyewe baada ya dakika chache. Basi mtu asidhani ameuziwa kitu kibovu aonapo nuru ikishuka, bali ajue kwamba chombo kinajilinda. Lakini iliyotengenezwa ovyo huendelea kuwaka hata ikachoma kitambaa cha meza au mfuko wa kanzu.

Tena, wati 30 kwa volti 3.6 ni mkondo wa zaidi ya ampea nane. Jiwe dogo likidaiwa mkondo huo hupata joto na volti zake hushuka upesi. Jiwe kubwa hubeba mzigo huo kwa wepesi zaidi. Hii pia ndiyo sababu jiwe la alkali la zamani la umbo la D, ambalo likitumiwa polepole laweza kutoa akiba isiyopungua sana na hii, haliwezi kazi hii. Anayo mali, lakini hawezi kuitoa kwa haraka. Na kwa kuwa mkondo ni mkubwa, uchafu kidogo kwenye nyuzi za kifuniko hupunguza nuru. Mwenye kurunzi na azifute kwa kitambaa safi kikavu kila baada ya muda.

Kibaba kilichoandikwa pishi

Sasa twafika kwenye jambo lenye kuhuzunisha. Masoko yetu yamejaa mawe ya 18650 yaliyobandikwa karatasi zisemazo 9900, au 12000 na zaidi. Tumekwisha kueleza kwamba jiwe jema la umbo hilo hubeba 3500 hivi. Basi mwenye kuandika 9900 amechukua kibaba akakiandika pishi. Kupunja kipimo ni kupunja kipimo, kiwe cha mchele au cha umeme, na mnunuzi aliyedhulumiwa hapa hatambui ila usiku wa haja, kurunzi ikizimika mkononi.

Ipo njia rahisi ya kumgundua mdanganyifu, nayo ni mizani ya jikoni. Jiwe la kweli la 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na la 21700 gramu 70 hivi. Likipungua sana hapo, ndani yake hamna ulichouziwa. Na kwa kadiri tarakimu iliyobandikwa inavyozidi kuwa kubwa kupita kiasi, ndivyo jiwe livyopasa kuogopwa, kwani aliyesema uongo juu ya akiba hana sababu ya kuwa mkweli juu ya usalama.

Wako pia mafundi wanaovunja betri za kompyuta za zamani na kuyauza mawe yaliyomo moja moja. Mawe hayo yalitengenezwa ili yakae ndani ya sanduku lenye saketi ya kuyalinda, na yakitolewa humo huwa hayana mlinzi. Mwaka 2021 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za watumiaji ilitoa onyo la wazi kwamba watu wasinunue wala wasitumie mawe ya 18650 yauzwayo hivyo bila kinga. Nasi twaliunga mkono onyo hilo. Iliyo salama zaidi kwa nyumba ni kurunzi iliyouzwa pamoja na jiwe lake, yenye tundu lake la kuchajia. Na anayenunua jiwe peke yake atafute lenye saketi ya ulinzi, ambalo hulitambua kwa kuwa limezidi urefu kwa milimita kadhaa. Apime kwanza kama laingia katika kurunzi yake.

Masharti ya nyumbani

Kwa kuwa haya husomwa na wenye nyumba, wakubwa kwa wadogo, twayafupisha masharti ili yapate kukumbukwa.

La kwanza, jiwe lisitiwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Mwili wote wa jiwe ni upande wa hasi, na pembeni mwa ncha ya chanya umefunikwa kwa ngozi nyembamba ya plastiki tu. Funguo ikiviunganisha viwili hivyo hutokea shoti, na jiwe huwaka moto. Lihifadhiwe katika kijisanduku chake cha plastiki. Na ngozi yake ikichanika, lisitumiwe tena mpaka livishwe nyingine na mtu ajuaye kazi hiyo.

La pili, lichajiwe kwa chaja ya lithiamu yenye kukoma kwenye volti 4.2, wala si kwa chaja ya mawe mengine. Lichajiwe watu wakiwa macho, juu ya sakafu au sahani ya udongo, mbali na pazia, mkeka na godoro.

La tatu, lisiachwe ndani ya gari juani wala dirishani palipo jua kali. Joto hulizeesha, na likizidi huliletea hatari. Jiwe lisilotumiwa kwa miezi lihifadhiwe likiwa na nusu ya akiba yake, si likiwa limejaa wala limekauka.

La nne, kurunzi inayowekwa mfukoni au mkobani ilegezwe kifuniko chake robo mzunguko, ili isijiwashe yenyewe. Hili hufaa kwa nyingi, ingawa si kwa zote. Mwenye nayo ajaribu kwanza.

La tano, watoto wasiachiwe kumulikana machoni. Lumeni maelfu si za mchezo wa kuruka kamba. Mwenye kumulika amulike chini, njiani.

La sita, jiwe lililobonyea, linalovuja, lenye harufu ya ajabu au linalopata moto bila kutumiwa lisichajiwe tena. Likianza kufuka moshi, watu watoke, wasivute moshi huo kwani una sumu, na mwenye kuweza kulifikia kwa salama alimwagie maji mengi ya kulipoza. Na lililokufa lisitupwe kwenye shimo la taka zichomwazo. Lifunikwe ncha zake kwa utepe wa kuzuia umeme, liwekwe mbali na moto, lipelekwe kwa wakusanyao vyombo vya umeme vilivyochakaa.

Tena neno moja kwa wasafiri, hasa waendao Hija na Umra, ambao wengi huchukua kurunzi. Sheria za safari za ndege zakataza mawe ya akiba ya lithiamu kutiwa katika mizigo ipelekwayo chini ya ndege. Yachukuliwe katika mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Jiwe la wati-saa 18 liko mbali chini ya mpaka wa wati-saa 100 uliowekwa, basi mwenye nalo hana la kuhofia.

Huo ndio muhtasari wa mambo. Atakaye kurunzi ya nyumbani na anunue ya jiwe moja la 21700, kutoka kwa muuzaji atakayemkuta tena kesho, yenye nuru ndogo ya kudumu zaidi ya nuru kubwa ya kujivunia. Ailipie bei ya haki, aipime, aiweke mahali pamoja panapojulikana na kila mtu wa nyumba, na aichaji kila mwanzo wa mwezi hata kama haikutumika. Kwani siku ya giza haitoi taarifa, na jiwe zuri lililosahauliwa tupu halina tofauti na jiwe la barabarani.